Msaada wa kisheria bure hapa Unguja kwa waliochukuliwa na mawakala wakatoka na rekodi polisi: nyota nne

Asalam alaykum. Hii rivyuu ni ya ofisi moja ya msaada wa kisheria iliopo mjini hapa Unguja, huduma zao bure, na mie naandika kama mtu niliemsindikiza mtoto wa dada yangu pale toka mwanzo mpaka alipopata karatasi yake mkononi. Jina la ofisi siliweki makusudi, kwa sababu wanawake wanaokwenda pale wengine bado wanatafutwa na watu waliowachukua. Ukitaka kuijua muulize sheha wako au msaidizi wa sheria wa shehia yenu atakuelekeza. Nawapa nyota nne, ya tano nimeizuia na ntasema kwa nini, lakini kwanza nataka mfahamu ni kazi gani wanafanya pale, maana watu wengi wanadhani msaada wa kisheria ni talaka na viwanja tu.

Mtoto wetu anatoka kaskazini Pemba, alikuwa kaacha skuli yupo nyumbani. Akaja bibi mmoja mwenye maneno matamu, mtu wa kujitia ujamaa na kila nyumba, akawaambia wazazi kuna kazi ya hoteli Unguja, mshahara mzuri, chakula na pa kulala juu yao. Nauli ya boti kalipa yeye, nguo kanunua yeye, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kakichukua yeye, kasema ni cha kwenda kufanyia kitambulisho. Hoteli hakuna. Mtoto akapelekwa nyumba ya watu mjini kupika, kufua na kulea, simu akanyang'anywa, na mshahara unakwenda kwa yule bibi moja kwa moja kwa hesabu kwamba analipiwa deni la nauli na nguo. Akiuliza anaambiwa deni bado. Siku aliyotoroka mwenye nyumba akaenda polisi akasema kaibiwa dhahabu, mtoto akakamatwa bandarini Malindi na kimkoba chake cha nguo, dhahabu haikuonekana, lakini kesi ikafunguliwa ya wizi wa mtumishi. Yule bibi akaja kituoni akamwambia kubali tu yaishe, ukikataa utaozea rumande. Mtoto akakubali mahakamani, akatozwa faini, faini akalipa yule yule bibi, na pesa ya faini ikaongezwa kwenye deni! Akarudishwa kazini, nyumba nyengine.

Naomba hapo mpaone vizuri. Hukumu ile ndo iliomfunga zaidi kuliko hata kunyang'anywa simu, kwa sababu tangu siku ile kila akitaka kuondoka anaambiwa wewe mwizi una rekodi, ukienda kusema watakuamini wewe au mie. Alipokuja kutoka kwenye mikono ya yule mwanamke, na hiyo ni hadithi nyengine, ikawa tayari mtu mzima anataka kazi yake ya halali, akapata nafasi ya hoteli kweli safari hii, wakamwambia alete cheti cha polisi cha kuonesha hana rekodi ya jinai. Akaenda akatia alama za vidole, jibu likarudi na ile kesi. Nafasi ikapotea. Mtoto hakula siku ile.

Sasa kabla ya hii ofisi tulikwenda kwa wakili mmoja wa kulipwa, akatazama ile karatasi juu juu akatwambia ushakiri kosa hakuna cha kufanya, na pesa ya ushauri tukaacha. Ndo maana nikasema hawa wengine niwasifu kwa sauti. Kwa sababu siku ya kwanza tu tulipokaa, dada wakili aliotupokea hakumuuliza mtoto uliiba au hukuiba. Alimuuliza: nani alikuleta mjini, nani alikuwa anashika karatasi zako, mshahara alikuwa anapokea nani, na ukitaka kutoka nje ulikuwa unamuomba nani ruhusa? Maswali hayo manne yakamfungua mtoto mdomo, akazungumza mambo ambayo hata mie mama yake mdogo sikuwahi kuyasikia, na yule dada anaandika tu wala hamkatishi, akifika pahala pagumu anamwambia pumua mdogo wangu hatuna haraka. Hiyo ndo huduma. Mtu aliouzwa ukianza kumuuliza kosa lake utapata kosa, ukianza kumuuliza nani alimleta utapata ukweli wote na kosa utalikuta ndani yake.

Halafu akatusomesha sheria kwa Kiswahili cha kueleweka. Kwamba Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 na inafanya kazi Bara na Zanzibar. Kwamba kusafirishwa siyo lazima upandishwe ndege, kutoka Pemba kuja Unguja kunatosha kama aliokuchukua nia yake ni kukutumia. Na kama aliochukuliwa ni chini ya miaka 18 basi hata asipopigwa, hata asipodanganywa, hata wazazi wakisema ndio kwa midomo yao, bado ni usafirishaji, na hivyo ndivyo ulivyo ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Palermo wa mwaka 2000 ambao nchi yetu iliuridhia 2006. Dada yangu aliposikia hapo akalia, maana miaka yote alikuwa anajiona yeye ndo kamuuza mwanawe kwa kukubali. Akatwambia pia mwaka 2022 sheria ile ikarekebishwa, ule mwanya wa msafirishaji kulipa faini badala ya kwenda jela ukaondolewa. Mie nikawaza, yule bibi alilipa faini ya mtoto akaigeuza deni, sasa yake mwenyewe hatoweza kuilipa kwa pesa.

Hapa kwenye kufuta rekodi nataka nikae kidogo kwa sababu watu wananiuliza sana, wanadhani unakwenda na barua unafutiwa. Sie huku hatuna ile sheria ya kufuta rekodi kama walivyo nayo wenzetu. Dada wakili akatueleza kwa mifano. Marekani, jimbo la New York ndo lilianza mwaka 2010, likasema mtu aliosafirishwa akahukumiwa kwa makosa ya ukahaba anaweza kurudi mahakamani akaomba hukumu ifutwe kwa sababu alikuwa analazimishwa, na akiwa na karatasi ya ofisi ya serikali inayomtambua kuwa ni muathirika basi mahakama inaanza kwa kumuamini. Majimbo mengi yakafata. Lakini baadae ikaonekana hawa watu hawakamatwi kwa ukahaba peke yake, wanakamatwa kwa wizi, kwa dawa za kulevya, kwa karatasi za kughushi, kwa chochote yule mwenye kuwashika alichowatuma, na mwaka 2021 New York wakaipanua sheria iingie na makosa mengine. Uingereza wao wameweka kinga mapema, sheria yao ya utumwa mamboleo ya 2015 kifungu cha 45 inampa muathirika utetezi pale pale kwenye kesi kabla hajahukumiwa, ingawa makosa mazito kadhaa hayamo. Afrika Kusini wana njia ya watu wote, baada ya miaka 10 bila kosa unaweza kuomba rekodi ifutwe, kwa baadhi ya hukumu siyo zote.

Ule mfano wa Afrika Kusini mtoto aliusikia akasema miaka 10 ya nini, mie nisubiri miaka 10 kwa dhahabu nisioiona? Na kweli. Mtu aliokosa akatubu kusubiri ni haki, lakini aliotumiwa na mwengine anasubiri nini? Ndo maana ile ya New York mie naiona bora kuliko zote, inasema wazi hii hukumu haikutakiwa kuwepo.

Kwetu sie wakili akasema milango iko mitatu. Kuomba kukata rufaa nje ya muda, kuomba Mahakama Kuu ifanye mapitio ya faili la mahakama ya chini, au kuomba msamaha wa Rais wa Zanzibar, ambao upo kwenye Katiba ya 1984. Akatueleza kila mmoja na ugumu wake bila kutupaka mafuta. Rufaa ngumu kwa sababu mtu akikiri kosa kwa kawaida hawezi tena kupinga hatia yenyewe, anaweza kulalamikia adhabu tu, mpaka aoneshe kwamba kule kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro, kwa mfano hakufahamu anakiri nini. Msamaha wa Rais unaweza kuondoa adhabu lakini hausemi kwamba hukukosa. Mtoto akajibu hapo hapo, akasema dada mie sitaki kusamehewa, sikuiba. Tukaenda na mapitio.

Kazi walioifanya baada ya hapo sijaona wakili wa kulipwa akaifanya. Waliomba nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu, wakakaa nayo mstari kwa mstari, wakaona vitu viwili. Cha kwanza, mahakama ilipomsomea mashtaka jibu lake lililoandikwa ni "ni kweli" basi, hakuna pahala paliposomwa maelezo ya tukio akaulizwa moja moja kama anayakubali. Cha pili ndo kikubwa, hati ya mashtaka imeandika umri wa miaka 20, na mtoto wetu siku ile alikuwa na 17. Nani aliotaja 20? Yule bibi pale kituoni, na cheti cha kuzaliwa anacho yeye kakificha. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Namba 6 ya mwaka 2011 inasema mtoto ni chini ya miaka 18 na kesi yake ina mahakama yake, Mahakama ya Watoto. Kwa hiyo yule mtoto alisimamishwa pahala ambapo hakutakiwa kusimama kabisa, peke yake, hana mzazi hana wakili.

Wakatwambia tutafute ushahidi wa umri. Tukaenda kwenye wakala wa usajili wa matukio ya kijamii kutoa cheti kipya, tukaomba skuli aliyosoma Pemba watoe barua kutoka kwenye rejista, na dada yangu akapekua masanduku akapata ile kadi ya kliniki ya mtoto, imechakaa lakini tarehe inasomeka. Jamani msitupe kadi za kliniki za watoto wenu! Mtu wa ofisi ile ndo akaandika hati za kiapo, ya mtoto na ya mama yake, akawasomea neno kwa neno kabla hawajaweka saini, na pahala mama yake aliposema hapa siyo hivyo ilivyokuwa, wakafuta wakaandika upya bila kukunja uso. Kwenye kiapo cha mtoto wakaeleza habari yote ya kusafirishwa, siyo umri tu, kwa sababu dada wakili alisema nataka jaji afahamu kwa nini mtoto wa miaka 17 anakubali kosa asilolifanya. Wakaegemea na zile kanuni za ofisi ya haki za binaadamu ya Umoja wa Mataifa za mwaka 2002, zinazosema waathirika wasishtakiwe kwa makosa yaliyotokana moja kwa moja na hali yao ya kusafirishwa.

Ilichukua muda, sikufichi, kuna wakati faili lilikuwa halionekani na kuna wakati tarehe inapigwa mbele. Lakini Mahakama Kuu ikaifuta ile hatia na adhabu yake. Mtoto alishika ile amri akaiangalia huku na huku akaniuliza mama mdogo, basi mie siyo mwizi tena? Nikamwambia hukuwahi kuwa.

Wengine wangeishia hapo, na ndipo ninapotaka kuwapa hawa watu sifa yao kubwa kabisa. Hukumu ikishafutwa ile karatasi haiendi yenyewe polisi. Rekodi ya alama za vidole iko kwenye mfumo mwengine kabisa na mfumo ule haujui jaji kasema nini mpaka mtu apeleke. Ofisi hii iliandika barua, ikaambatanisha nakala ya amri iliothibitishwa na mahakama, ikapeleka, ikadai ipigiwe muhuri ya kupokelewa, na ikafatilia. Tulikwenda kuomba cheti mara ya kwanza baada ya hukumu kesi bado inaonekana, tukarudi kwao, wakapeleka nakala tena na kijana wao akenda mwenyewe na sie akasimama pale dirishani mpaka tukajibiwa. Cheti kikaja safi. Kwa hiyo kama wewe au mwenzio hukumu ilishawahi kufutwa mahakamani, nenda ukahakikishe na polisi kama imefutwa na kule, usingoje uombe kazi ndo ujue.

Ya kesi ya yule bibi wameifungua upande wake, mtoto kaandika maelezo dawati la jinsia na watoto akisindikizwa nao, na hiyo inaendelea kwa hiyo siisemi zaidi.

Nyota ya tano. Faragha. Chumba cha mahojiano kimegawiwa kwa pazia, watu wa foleni wamekaa upande wa pili kwenye mabenchi, na kila kinachosemwa ndani kinasikika nje. Mtoto alipofika kwenye mambo ya usiku katika ile nyumba ya pili, sauti ikashuka mpaka wakili akawa hasikii, na mie niliona wazi kwamba anawaogopa wale wa kwenye benchi, Unguja hii ndogo kila mtu anajuana na Pemba ndo kabisa. Na kijana wa mapokezi, mzuri mwenye heshima, lakini anauliza "kesi ya nini" mbele ya watu wote. Tafadhalini, wekeni mlango. Mlango wa mbao tu wa kawaida, na mapokezi mtu apewe karatasi aandike au aitwe pembeni. Kazi nzuri yote ile inaweza kupotea kwa sababu mtu kafika kasikia wenzake wanavyosikika akageuza akarudi nyumbani.

Jengine, wakili hawalipishi hata shilingi, ni kweli na nimeshuhudia wakirudisha zawadi ya kuku, lakini fotokopi, nauli na boti ni juu yako. Kwa watu wa Micheweni na Konde kuja mjini Unguja kila ikitajwa tarehe ni mzigo mzito khasa. Sie tulikuwa na pa kufikia. Aliokuwa hana? Naomba wawe wanavuka wao kwenda Pemba kwa ratiba inayojulikana, na kiapo kiandikwe kule kule Chake au Wete. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar ya 2018 iliwatambua wasaidizi wa sheria na wapo kwenye shehia, kazi ya kukusanya vyeti na barua za skuli wangeweza kuachiwa wao ingekwenda haraka. Simu ya ofisi pia inaita bila kupokelewa, bora uende kwa miguu yako.

Na nawaomba waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi, najua wasaidizi wenu mnasoma mitandao, tuwekeeni kifungu. Kesi yetu ilishinda kwa sababu ya umri na kwa sababu kadi ya kliniki ilikuwepo kwenye sanduku. Angekuwa na miaka 19 siku ile, na mateso yale yale, na deni lile lile, na yule yule bibi kamsimamia kituoni, tungeshinda kwa hoja gani? Kile kilichomtokea kilikuwa kwenye kiapo lakini sijui kama kingetosha peke yake, na wapo wasichana wengi wa miaka 19 na 22. Kifungu kimoja kiseme aliohukumiwa kwa kosa lililotokana na kusafirishwa kwake anaweza kuomba hukumu ifutwe wakati wowote bila kuhesabiwa siku, na amri ikitoka mahakama yenyewe iipeleke polisi.

Kwa waliotoka Oman na Dubai na wana kesi za huko, nimewauliza kwa niaba yenu kwa sababu wengi mlinitumia ujumbe. Mahakama za Zanzibar haziwezi kufuta hukumu ya Maskati. Kule mfanyakazi wa ndani visa yake imefungwa kwa mwajiri, ukiondoka bila ruhusa yake anaweza kukuripoti umetoroka, na wengine wanaongezewa na wizi juu yake. Human Rights Watch waliliandika hili mwaka 2017 walipozungumza na wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Imarati. Lakini njooni hivyo hivyo, wanasaidia kuandika maelezo yenu vizuri, kuandikia ubalozi, na kuangalia kama huku kuna kesi ya kumfungulia wakala aliokupelekeni, maana yeye yupo huku na sheria ya 2008 inamfika. Bebeni chochote mlichonacho, kivuli cha pasi, mkataba hata kama wa Kiarabu, tiketi, ujumbe wa WhatsApp wa wakala msiufute, na risiti za pesa zilizotumwa kwake. Jumatatu ndo siku yenye watu wengi, nendeni katikati ya wiki, na nendeni asubuhi kabla mawakili hawajatoka kwenda mahakamani.